Tutoke Tudor twende wapi: Mtwapa, Kiembeni, Ng'ombeni au Mikindani?

Swali: Assalam aleikum kaka. Mimi ni muuguzi katika hospitali moja hapa kisiwani Mombasa, zamu za mchana na za usiku. Mume wangu anafanya kazi bandarini, upande wa Kipevu. Tunakaa Tudor, nyumba ya vyumba viwili, kodi 25,000, na watoto watatu sasa wamekua. Mtwapa tumeonyeshwa nyumba mpya ya vyumba vitatu kwa kodi hiyo hiyo, na dalali anasema jirani yake kuna ploti ya futi 50 kwa 100 tukitaka kununua kabisa, ila tuwahi. Dada yangu anatuvuta Kiembeni. Mamangu yuko Ng'ombeni. Mume wangu anataka Mikindani, lakini mimi Mikindani naiona ya malori na vumbi. Kifungua mimba wetu yuko Gredi ya 6. Gari hatuna. Tushauri. — Mama Rehema, Tudor

Jibu: Wa aleikum salaam, dada.

Kwa kazi zenu zilivyo, shemeji ndiye aliye karibu na jawabu. Mngekuwa ndugu zangu wa damu ningewaambia mpange Mikindani, upande wa ndani unaotazama hori ya Tudor, ule mkono wa bahari ulioingia bara, mkae angalau mwaka, na ile ploti ya Mtwapa muiache kwanza. Malori unayoyaogopa yapo na vumbi lipo, nitayafikia. Lakini tuanze na njia yenu ya kila siku, maana hiyo ndiyo itakayowachosha au kuwapumzisha kwa miaka.

Anayetaka kuhama huanza na nyumba: ina vyumba vingapi, ina tailsi, jikoni kuna kabati. Hapa kwetu nyumba huja mwisho, kwa sababu kisiwa kina milango ya pande tatu tu. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, lililofunguliwa 1980, na gari lolote la Kongowea, Kisauni, Bamburi, Kiembeni, Shanzu na Mtwapa hupita hapo. Magharibi kuna Makupa, ambako tuta la zamani lilibadilishwa kwa daraja jipya mwaka 2022. Kusini kuna feri ya Likoni, njia ya Ng'ombeni. Ukishachagua mtaa umechagua na mlango wake, asubuhi na jioni, jua na mvua.

Sasa mtazame shemeji akiwa Mtwapa. Kipevu iko ng'ambo ya magharibi, upande wa Changamwe. Ataingia kisiwani kwa Nyali na kutoka kwa Makupa, na jioni arudie vilevile. Milango miwili kwenda, miwili kurudi. Hori ya Tudor imekaa katikati, na hakuna daraja la magari linalounganisha Kisauni na Jomvu. Njia ya kukwepa kisiwa ni kuzunguka Mavueni, Kaloleni na Mazeras, na hiyo ni safari, si njia ya kwenda kazini. Akiwa Mikindani, iliyo upande huo huo wa magharibi, havuki maji hata kidogo. Na wewe utavuka Makupa peke yake. Ndiyo maana nimesema yuko karibu na jawabu: katika mitaa minne mliyotaja, Mikindani pekee ndiyo inayowafaa nyote wawili kwa wakati mmoja. Kiembeni na Mtwapa zinakufaa wewe kidogo na kumtesa yeye.

Dalali atakwambia barabara ya Mtwapa inapanuliwa, na ni kweli, upanuzi wa njia ya Mombasa hadi Kilifi kupitia Mtwapa ni mradi mkubwa. Lakini fikiria barabara pana inaleta magari wapi. Inayaleta haraka zaidi kwenye Daraja la Nyali lile lile. Foleni iliyokuwa ikianzia Bombolulu haitaondoka kwa kuwa Mtwapa kumekuwa na njia nne. Mimi nasimamia nyumba za kupanga pande zote mbili za daraja, na malalamiko ya wapangaji wa kaskazini kuhusu kuchelewa kazini nayasikia kuliko malalamiko ya nyumba zenyewe.

Kisha pigeni hesabu ya nauli, kwa sababu ndipo chumba cha tatu kinapolipiwa. Tuseme mtaa wa mbali unawaongezea shilingi 50 tu kwa safari moja. Mko wawili, kwenda na kurudi: ni 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 5,200. Hiyo ni kodi mnayomlipa makanga badala ya mwenye nyumba, na sijaweka mvua, na mnajua mvua ikinyesha jioni nauli inafanywa nini. Wala sijaweka tuktuk au bodaboda ya kutoka steji hadi mlangoni. Kwa muuguzi wa zamu hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Ukimaliza kazi usiku, swali si kama kuna matatu ya Mtwapa, kwa kawaida zipo. Swali ni ukishuka barabara kuu saa nne usiku, nani atakufikisha ndani, kwa shilingi ngapi, na utapita wapi.

Kwa hivyo kabla ya kutoa amana popote, pandeni wenyewe. Jumatatu, saa ile ile mnayokwenda kazini, shemeji aianze safari yake kwenye mtaa mnaoufikiria hadi langoni pa kazi. Wewe ujaribu ya kurudi usiku. Msiende Jumapili mchana na dalali kwenye gari lake, hapo kila mtaa ni dakika 20.

Jambo la pili ni maji, na hapa nakuomba unisikilize sana, kwa sababu watu wengi hulijua baada ya kuhamia.

Kaunti yetu inakunywa maji ya jirani. Yanatoka Mzima, kule Tsavo, kwa bomba la kilomita 220 hivi. Yanatoka Baricho kwenye mto Sabaki, Kilifi. Yanatoka Marere na Tiwi, Kwale. Yote hayo yanagawanywa kwa mgao na hayatoshi. Lakini hayafiki kwa namna moja. Maji ya Mzima hushuka yenyewe kwa mteremko hadi Mazeras na Changamwe, kabla ya kisiwa. Maji ya kaskazini, ya Baricho, husukumwa kwa pampu hadi matangi ya Nguu Tatu, kwa hivyo stima ikipotea Baricho mifereji ya Kisauni na Bamburi hukauka. Sisemi Mikindani mfereji hutoka kila siku. Nasema usiulize "maji yapo?" kwa sababu jibu litakuwa yapo. Uliza: ni ya kampuni au ya kisima? Yalikuja lini mara ya mwisho? Tangi la chini la jengo linaingia lita ngapi, na yakikatika wiki nzima mwenye nyumba anafanya nini, analeta lori au kila mtu na mitungi yake? Ukimuona kijana wa mkokoteni akipita na mitungi ya lita 20, msimamishe umuulize yeye. Huyo anajua jengo lipi linamnunulia kila asubuhi, na hana sababu ya kukudanganya.

Kisima ndicho kilichojaa kaskazini, na mara nyingi maji yake ni ya chumvi. Kuyajua ni rahisi. Ingia bafuni utazame kichwa cha shawa: kikiwa na ukoko mweupe na matundu nusu yameziba, ni chumvi. Nawa mikono kwa sabuni ya kipande: povu likikataa kutoka, ni chumvi. Muombe jirani akuonyeshe ndani ya birika lake la chai. Kisha tazama ukuta wa chini wa bafu kwa nje, rangi ikiwa imevimba na kumeguka unga, hiyo haitibiki kwa kupaka upya. Maji hayo utaoshea na kupigia deki, ya kunywa na kupikia utanunua, na nguo nyeupe za kazi, dada, zitaanza kukufia mapema.

Liko kubwa zaidi ya chumvi. Sehemu kubwa ya kaskazini haina bomba la maji taka. Kila nyumba ina shimo lake, na ardhi yetu ni matumbawe, ina nyufa na matundu, kinachomwagwa shimoni hakikai pale. Kanuni ya kawaida ni kwamba kisima kiwe mbali na shimo la choo mita 30 au zaidi. Sasa ipime ile ploti mliyoonyeshwa: futi 100 ni mita 30, ndio urefu wote wa ploti. Hata mkichimba kisima kona hii na shimo kona ile, mmefika mpakani tu, na bado kuna shimo la jirani wa kulia, wa kushoto na wa nyuma. Wewe ni muuguzi, unajua wodi hujaa wagonjwa wa aina gani baada ya mvua za Mei. Kwa hiyo ploti ya kiasi hicho yenye sifa ya "kuna maji ya kisima" kwangu haina sifa hiyo. Iwe na bomba la kampuni lenye mita, au muweke bei ya tangi kubwa la mvua ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Mikindani sasa, na ubaya wake.

Una haki ya kuwa na hofu. Barabara ya Nairobi ndiyo njia ya mizigo mingi inayotoka bandarini kwa lori, na nyumba iliyo jirani nayo utasikia breki usiku kucha na kufagia vumbi jeusi asubuhi. Zaidi ya hayo, ukanda ule una viwanda, na kisa cha Owino Uhuru kilitokea huko huko. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa makazi, na watu wakadhurika kwa sumu ya risasi, yale madini yaliyomo ndani ya betri, watoto hasa. Phyllis Omido, aliyelipigania jambo hilo, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Mnaokwenda kulea watoto huko ni wajibu wenu kutembea kwa miguu kuizunguka nyumba mnayoitaka. Mkikuta ukuta mrefu usio na kibao, bomba la moshi, mtaro wenye maji ya rangi au harufu ya chuma moto, ondokeni, hata nyumba ikiwa nzuri namna gani. Mwende usiku pia, maana viwanda vingine moshi wao hutoka watu wakilala.

Ndiyo maana nikasema upande wa ndani, wa hori. Ukishaiacha barabara kuu na kushuka kuelekea majini, mtaa hubadilika. Kuna nyumba za familia, miti, na upepo. Na upepo Mombasa ni nusu ya nyumba. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kaskazi kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo mwaka mzima nafuu hutoka upande wa mashariki. Chagueni nyumba ambayo vyumba vya kulala vina dirisha huko, na mbele yake hakuna jengo lililosimama karibu kiasi cha kupeana chumvi kwa mkono. Chumba cha kulala chenye ukuta wa magharibi huchomwa na jua la alasiri hadi usiku wa manane, na wewe wa zamu unayelala mchana hutakiweza kabisa. Ila msiteremke mno. Nendeni siku ya bamvua, mtazame maji yanapanda hadi wapi, na maji yakipwa mnuse matope yale, maana maji taka mengi huishia hori.

Kiembeni niseme haki yake: ni mtaa mtulivu, wa watu wenye familia, shule zipo za kila aina, na shemeji angekuwa anafanya kazi kisiwani au Nyali ningewaambia mfuateni dada. Usalama utauliziwa popote mtakapokwenda. Kisauni imepita vipindi vya vijana wa mapanga, lakini si Kisauni yote, na mtaa mmoja hutofautiana na wa pili kwa uchochoro. Mimi hutazama maduka. Duka la rejareja likifungwa saa moja jioni, wenyeji wameshaona kitu. Likiwa wazi saa nne, na mama wa viazi karai bado ana wateja nje na watoto wametumwa, hapo pana watu na macho ya watu. Mtwapa ina watu usiku kucha, lakini kwa sababu ya mabaa, na nyumba iliyo nyuma ya baa haina Ijumaa wala Jumamosi ya kulala.

Ng'ombeni, kwa heshima zote za mama, siwashauri mkiwa bado kazini wote wawili bila gari. Barabara ya Dongo Kundu imeunganisha kusini na upande wa Miritini, na kwa mwenye gari lake anayefanya kazi Changamwe imekuwa faraja kubwa. Kwa wewe, njia bado ni feri. Wa miguu halipi, sawa, lakini feri haijui kwamba zamu yako inaanza saa moja.

Kumbukeni pia kwamba Mtwapa ni Kaunti ya Kilifi na Ng'ombeni ni Kwale. Hilo si jina kwenye ramani tu. Basari za kaunti za watoto, kampuni ya maji, leseni ukifungua duka, mwakilishi wa wadi wa kumlilia, vyote hubadilika. Kwa mwenye watoto watatu wanaokwenda sekondari mmoja baada ya mwingine, ulizieni basari mapema.

Nimalizie ploti, maana "muwahi" ndilo neno linalonitia wasiwasi katika barua yako yote.

Pwani hii kuna nyumba bila ardhi: mtu hujenga na kumiliki kuta na paa, na chini ni mali ya mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Ni desturi ya zamani, na nyumba hizo huuzwa kila siku. Lakini mnunuzi mgeni huonyeshwa nyumba au msingi, akalipa, akadhani amenunua na ardhi. Kuna na shamba la ukoo: babu amefariki, mirathi haijagawanywa, na ndugu mmoja anakata vipande anauza kwa karatasi iliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa na mashahidi. Mashahidi ni wa kweli na mzee ni wa kweli, ila ndugu wengine hawajasaini, na siku watakapokuja mtakuwa mmeshapandisha kuta. Na kuna hati moja kubwa isiyogawanywa, mnauziwa kipande na kuahidiwa hati yenu "iko kwa mpima".

Basi mwombeni muuzaji nakala ya hati yenye nambari ya ploti hiyo hasa. Mfanye sachi wenyewe kwenye daftari la ardhi, au kwa wakili wenu, si wakili aliyeletwa na dalali. Mpima ardhi aliyesajiliwa aende akawaonyeshe mawe ya mipaka kwa ramani mkononi. Kama mwenye jina kwenye hati ni marehemu, muuzaji awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, na warithi wote wawe wamekubali. Kama ardhi bado ni ya kilimo, sheria inataka idhini ya bodi ya ardhi, iombwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila idhini mkataba ni batili, mkabaki mnadai pesa zenu kwa mtu ambaye labda ameshazitumia. Mke au mume wa muuzaji naye akubali kwa maandishi. Malipo yapite benki, hata ya kwanza, na msitoe pesa taslimu za "kuishika ploti".

Hayo yote huchukua wiki kadhaa. Mwambieni dalali hivyo na mtazame atasema nini. Muuzaji mwenye makaratasi safi hungoja wiki hizo, na pengine huwapa nakala siku hiyo hiyo.

Kuhusu wakati wa kuhama: msimtoe kifungua mimba katikati ya mwaka. Akiwa Gredi ya 6 ana mtihani wa kitaifa wa KPSEA mwisho wa mwaka, na Januari anaingia sekondari ya chini, yaani Gredi ya 7, hatua mpya ya masomo hata mngebaki Tudor. Afanyie mtihani alipozoea. Ninyi tumieni miezi hii kuzunguka Mikindani, muulizie shule zenye nafasi ya Gredi ya 7 na muone madarasa yake kwanza, kisha mtafute nyumba mahali mtoto anaweza kwenda shuleni bila kuivuka barabara ya Nairobi. Notisi ya Tudor muitoe Novemba, mhamie Desemba shule zikiwa zimefungwa.